Injini Iitwayo Paulo

Hotuba iliyotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika juma la Jubilei ya miaka 100



Kamati ya Jubilei ilinitaka niseme juu ya utunzaji wa vitu vya kale. Nimechagua kitu cha mbali, lakini jina lake hamtalikosea. Ni injini ya garimoshi iitwayo Paulo, iliyopo katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii. Wenyeji wa visiwa vile humwita Mtume Paulo kwa jina hilohilo tunalomwita sisi, herufi kwa herufi.

Hata hivyo injini hii haikupewa jina la Mtume. Ilipewa jina la Paul Isenberg, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1837, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Aliwasili Hawaii mwaka 1858, akawa msimamizi wa shamba la miwa la Lihue, kisha mbia katika kampuni ya biashara ya H. Hackfeld. Wakati huo Hawaii ilikuwa ufalme wenye mfalme wake, na Isenberg aliingia hata katika baraza la kutunga sheria la ufalme huo.

Mwaka 1875 ufalme ulifanya mkataba na Marekani, na sukari yake ikaingia huko bila ushuru. Mashamba yakapanuka upesi. Sasa, muwa ukishakatwa haungoji. Usipofikishwa kinuni mapema, utamu wake huharibika. Mikokoteni ya maksai haikuweza tena kazi hiyo. Ndipo shamba la Koloa, lililoanzishwa mwaka 1835, likaletewa injini iliyoundwa mwaka 1887 na kiwanda cha Hohenzollern, mjini Düsseldorf, Ujerumani. Upana wa reli yake ni sentimita 76 tu, wakati reli yetu ya zamani ya kati ina mita 1. Reli nyembamba ni nyepesi: hukata kona kali, na vipande vyake waliweza kuving'oa katika konde lililokwisha kuvunwa na kuvitandaza katika konde jingine. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge kule Tanga wanaelewa vizuri ninachosema.

Mambo haya yanatuhusu sisi Walutheri kwa sababu fedha za sukari na habari za kanisa zilipita katika mikono ileile. Mwaka 1881 Wajerumani zaidi ya mia moja waliletwa Lihue kuwa vibarua. Kanisa lao lilijengwa mwaka 1885 juu ya kilima. Mwaka 1887, mwaka uleule wa injini yetu, Hans Isenberg, ndugu yake Paul, akawa mchungaji wao. Tajiri na mchungaji wakawa watoto wa nyumba moja! Sisemi kwamba mchungaji hakuwa mwaminifu. Lakini naona ingekuwa vigumu kwa kibarua mwenye kinyongo juu ya ujira wake kujua aende kwa nani.

Na vibarua hawakuwa Wajerumani peke yao. Walikuwapo Wahawaii wenyewe, Wachina, Wareno, Wajapani, na baadaye Wafilipino. Hao ndio waliotandaza reli, wakakata miwa na kupakia mabehewa. Jina lililoandikwa juu ya chuma ni la mwenye mali. Wanaoandika kitabu chetu cha miaka 100 naomba walitazame jambo hili kwa makini: tuna majina ya wamisionari wote, lakini ya akina mama waliobeba mawe ya msingi tuna machache mno, na wanaoyakumbuka wamebaki wachache.

Isenberg alifariki mwaka 1903. Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Marekani iliitaifisha kampuni ya Hackfeld kuwa mali ya adui. Kanisa la kilimani liliangushwa na kimbunga Iwa mwezi Novemba 1982, nao Washarika wakalijenga upya kwa kufuata umbo la lile la awali. Malori yalichukua nafasi ya reli. Shamba la Lihue lilivuna miwa yake ya mwisho mwaka 2000, na shamba kubwa la mwisho la miwa katika visiwa vyote, lililokuwa Maui, likafunga kazi mwaka 2016.

Paulo alisalia. Shamba la Koloa liliunganishwa na lile la Grove Farm mwaka 1948, na hatimaye injini nne zikahifadhiwa huko: Paulo na wadogo zake watatu, Wainiha, Kaipu na Wahiawa. Mwaka 1979 ziliingizwa katika orodha ya taifa ya mambo ya kihistoria nchini Marekani. Mafundi walimtengeneza Paulo mpaka akatembea tena kwa mvuke wake mwenyewe, juu ya kipande kifupi cha reli, katika kisiwa ambacho hakina tena kiwanda cha sukari cha kupelekea miwa.