Choo cha kulipa: makuta ya shimo yasiguswe

(Mazungumzo mbele ya wanachama, Kindu)



Nimeombwa niseme juu ya ile choo ya kulipa ambayo chama kinataka kujenga karibu na soko. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilitumika katika mradi mmoja uliojenga choo cha milango sita. Kuingia ilikuwa bule. Tulikata utepe, tukapiga picha, na mimi ndiye niliandika ripoti: "Kazi imekwisha." Haikupita mwaka, mlinzi akaondoka, maana hakuna aliyemlipa. Sabuni ikakosekana. Kisha shimo likajaa, mtu akafunga kufuli. Watu wakarudi kando ya Lualaba, pale pale watoto wanateka maji asubuhi. Ukuta uko mzima mpaka leo. Kilichokosekana ni mtu wa kutunza, na makuta ya kumlipa.

Maniema yetu imeona kipindupindu zaidi ya mara moja. Ugonjwa huu unapita katika maji na chakula vilivyoguswa na mavi. Wazee mnisamehe neno. Tukilificha, ugonjwa wenyewe haujifichi.

Mama mmoja aliniuliza: "Batatulipisha hata kukojoa?" Swali lake ni la haki. Lakini mtazame mama anayevuka na mtumbwi kutoka Alunguli kuja kuuza upande wa Kasuku. Anakaa sokoni tangu asubuhi, anakataa kunywa maji juu hana pa kwenda. Huyo analipa tayari, analipa na mwili wake. Akipata mlango unaofungwa, maji na sabuni, franka 200 hataona ni wizi. Akikuta uchafu, hatarudi hata ikiwa bule. Watoto, wazee sana na walemavu wasilipe, na hiyo iandikwe mlangoni.

Sasa tuhesabu, kwa mfano tu. Watu 60 kwa siku, kila mmoja franka 200, ni franka 12,000. Siku 26 za soko, ni 312,000 kwa mwezi. Toa 120,000 za mtunzaji, 70,000 za maji, sabuni na karatasi, 40,000 za kutengeneza mlango na bomba. Zinabaki 82,000.

Hapo ndipo macho yetu yanang'aa. Nimesikia wengine wanasema: tuziingize katika likelemba, au katika sanduku la matanga. Naelewa. Tulirudi kisha vita mikono mitupu, na chama hiki kilitusaidia kuzika watu wetu. Lakini nasema apana. Ile 82,000 ni ya shimo. Kwa mwaka ni karibu franka 984,000, na siku shimo litajaa, hakuna mfadhili atakayekuja mbio. Tena mwezi wa mvua watu wakishuka kuwa 30, hatutafikisha hata 230,000 za matumizi. Akiba ndiyo itamlipa mtunzaji, asiondoke kama yule wangu.

Kule Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 2000, David Kuria na kampuni yake Ecotact walianza vyoo vinavyoitwa Ikotoilet. Jiji lilitoa kiwanja, kampuni ikajenga na kuendesha kwa miaka mitano, kisha choo ni cha jiji. Mtu alilipa shilingi 5. Ndani waliweka pia mng'arisha viatu na duka dogo, ili choo kisitegemee mlango peke yake. Sisi vilevile tunaweza kupangisha kibanda cha mama wa chai au cha mwenye kuchaji simu. Kodi ya kibanda, hiyo sawa, iende kwenye sanduku la matanga.

Juu ya shimo: tuchimbe mawili makubwa. La kwanza likijaa tulifunge, lipumzike miaka miwili kabla ya kulifukua, wakati la pili linatumika. Tukae angalau mita 30 mbali na kisima chochote, na chini ya shimo ibaki mita moja na nusu juu ya maji ya ardhi. Tupime wakati wa mvua, maana karibu na mto wetu maji yanapanda.

Kabla hatujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, naomba mkutano ukate mambo matatu. Nani anashika ufunguo. Nani anashika kaye ya hesabu, na asiwe yule wa ufunguo. Na kwamba makuta ya shimo hayakopeshwi kwa mtu yeyote, hata prezida, hata mimi.

Wafadhili wapendwa, msituombe picha ya kufungua choo. Mwaka wa pili, mtuombe ile kaye.