Usikiache Chombo Kingali Kinaelea

Msikilizaji, Agosti 1979 mashua 303 zilitweka matanga Cowes, Uingereza, kwa mashindano ya Fastnet ya klabu ya Royal Ocean Racing. Dhoruba ikazikuta katikati ya bahari, kuelekea Ayalandi. Washindani 15 wakafa. Sasa sikiliza hili: mashua 24 ziliachwa na mabaharia wake, lakini zilizozama ni 5 tu. Nyingine 19 zilipatikana baadaye zingali zinaelea! Vyelezo vya mpira walivyovikimbilia, baadhi vilipinduliwa na mawimbi, vingine vikachanika.

Basi unayetoka na wenzako wa klabu kusafiri kwa mashua pwani, upepo ukianza kukaza punguza tanga mapema, usingoje nahodha mwenzio atangulie. Jifunge kamba chomboni. Chelezo ni cha pale maji yanapokishinda chombo kabisa.