Kibao Kidogo Chini ya Mti Mdogo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika bustani ya hekalu, siku ya kufungua maonyesho ya bonsai)



Nimeombwa niseme machache juu ya vibao vya maelezo mnavyoviona mbele ya miti hii midogo. Huenda mtu akajiuliza kuna neno gani la kusemwa juu ya vibao, ilhali miti ndiyo iliyotuleta hapa. Hata mimi nilikuwa na fikira hiyo, hadi mwaka ule tulipolifungua lango hili kwa majirani kwa mara ya kwanza. Niliviandaa vibao kwa bidii kubwa. Kila kimoja kilibeba jina la mti kwa Kilatini, jamii yake, na nchi ya asili yake. Kisha nikasimama kando kuwatazama wageni. Walikuwa wakiinama, wakisoma mstari mmoja, halafu wakinigeukia: "Huu ni mti wa kweli?" "Una umri gani?" "Mmeutia dawa gani hata usikue?" Na bibi mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hamwoni kwamba mnautesa?"

Maswali yalikuwa manne, na vibao vyangu havikujibu hata moja. Nilikuwa nimeandika niliyoyajua mimi, wala sikufikiri mgeni anataka kujua nini. Basi mwaka huu tumeanza upande wa pili. Tumeyakusanya maswali ya wageni wa mwaka ule, na kila kibao kimeandikwa kujibu swali moja, kwa maneno yasiyozidi hamsini, Kiswahili kikitangulia, Kigujarati na Kiingereza vikifuata.

Kibao cha langoni kinasema kwamba bonsai si aina ya mti. Ni neno la Kijapani lenye maana ya mti uliopandwa katika sinia, na sanaa yenyewe Wajapani waliipokea kutoka China, ambako huitwa penjing. Mbuyu ule mdogo pale kushoto umetokana na mbegu ile ile inayotoa mibuyu mikubwa ya pwani yetu. Hakuna dawa iliyotiwa. Mti hubaki mdogo kwa sababu sinia ni dogo, mizizi hupunguzwa kila udongo unapobadilishwa, na machipukizi hupogolewa mara kwa mara. Majani nayo hupungua ukubwa kwa malezi hayo, lakini tunda halipungui. Ndiyo maana mkomamanga wetu, ukizaa, huonekana kama mtoto aliyebebeshwa mtungi.

Swali la yule bibi hatukulificha. Tumeliandika kama alivyolisema, na chini yake tukaweka jibu: mti wa ardhini nao huvunjwa na upepo, huliwa na mbuzi na hukatwa kuni, mti wa sinia hauna wa kumtegemea ila mlezi wake, na katika joto la pwani akiusahau siku mbili tu, waweza kufa. Sisemi kwamba jibu hilo litamridhisha kila mtu. Lakini mgeni akikuta swali lake limeandikwa, hujua kwamba amesikilizwa.

Juu ya umri tumejifunza kutoka mbali. Mjini Washington, nchini Marekani, liko Jumba la Taifa la Makumbusho ya Bonsai na Penjing. Vibao vyake havidai tu kwamba mti una miaka kadha wa kadha. Hutaja mwaka ambao mti ulianza kulelewa kama bonsai, na hutaja aliyeutoa. Huo ni uaminifu. Umri kamili wa mti huwa mgumu kuujua bila kuukata shina, lakini mwaka wa kuanza kulelewa waweza kukumbukwa na watu. Nasi tumefuata mwendo huo.

Katika jumba hilo hilo umo msitu wa mireteni 11 katika sinia moja, uitwao Goshin, kazi ya John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani. Miti ile 11 ni kwa ajili ya wajukuu wake, kila mmoja mti wake. Mwambie mtoto jambo hilo, na papo hapo ataanza kuihesabu. Maelezo mazuri humrudisha msomaji kwenye mti, autazame upya.

Kwa sababu hiyo tumeiweka miti katika urefu wa macho, nyuma yake ukuta mtupu usio na pambo, na vibao vikawekwa chini na pembeni, ili mtu auone mti kwanza. Herufi zimekuwa kubwa, wazee wasihangaike na miwani. Mgeni wa kiti cha magurudumu naye atasoma bila kuinuliwa. Na kwa watoto tumetenga meza ya kugusa: chungu kitupu chenye matundu, udongo wa changarawe, mkasi, waya, na mche ambao mizizi yake imewekwa wazi. Tuligundua kwamba mkono wa mtoto ukipewa cha kushika hautavunja tawi la mwenzake.

Sasa, ndugu zangu, naomba nieleze jambo lililonisukuma kukubali kusimama hapa leo.

Mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, Wajapani waliipa zawadi ya bonsai 53, na hizo ndizo zilizokuwa chanzo cha jumba nililolitaja. Miongoni mwake ulikuwamo msonobari mweupe wa Kijapani uliotolewa na Masaru Yamaki, mlezi wa bonsai kutoka Hiroshima. Ulikuwa umelelewa tangu mwaka 1625. Wageni waliusifu kwa uzee wake na kwa unene wa shina lake, wakapita. Mwaka 2001 wakaja wajukuu wawili wa Yamaki kuutazama mti wa babu yao. Wakasimulia kwamba asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipolipuka juu ya mji wao, msonobari ule ulikuwa nyumbani kwao, umbali wa kilomita 3 hivi. Vioo vya madirisha vilivunjika, watu wa nyumbani wakapata majeraha madogo, na mti, ukikingwa na ukuta mrefu, ukapona. Miaka 30 hivi baadaye mzee yule aliutoa kwa nchi iliyoliangusha bomu lile, na habari hiyo hakuitangaza.

Kwa robo karne watu walisimama mbele ya mti huo, wasijue wamesimama mbele ya nini. Hakuna tawi lililobadilika mwaka 2001. Kilichoongezeka ni maneno machache, na leo watu huja wakanyamaza mbele yake. Wajukuu wale wasingekuja, nani angeyasema?

Niliposoma habari hizo niliufikiria mti wetu wa pipali, ule ulio peke yake karibu na kisima. Mnajua kwamba pipali kwetu sisi Wahindu ni mti wa heshima. Marehemu mzee wetu aliyeianzisha bustani hii aliulea kwa miaka mingi, na wapo kati yetu ambao hawakupendezwa. Waliona si vyema mti mtukufu kupogolewa na kutiwa katika sinia. Mzee hakubishana nao. Alifariki bila kuandika lolote. Tulipofika kuuandikia kibao hatukuwa na neno ila jina. Hata mwaka hatukuujua.

Aliyetuokoa ni jirani. Fundi mwashi mmoja, mzee wa mtaa huu, alikuja kutengeneza sakafu ya njia, akauona mti, akacheka. "Kumbe bado mko nao!" Akatueleza kwamba yeye, akiwa kijana, aliitwa kuziba ufa katika ukuta wa hekalu. Ndani ya ufa ule mche wa pipali ulikuwa umeota, mbegu yake bila shaka imeletwa na ndege. Ukiachwa, ungeupasua ukuta. Ukitupwa, moyo wa mzee wetu usingekubali. Basi mzee alimwomba aubomoe ukuta kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ili mizizi itoke mizima. Malipo ya kazi ya ziada fundi aliyakataa. Mti ule uliingia katika sinia kwa sababu palikuwa hapana mahali pengine pa kuuokoa.

Kibao cha pipali sasa kinaeleza hayo. Kinasema pia kwamba wapo waumini wasiokubali mti huo kupogolewa, kwa kuwa nao ni wenye nyumba hii. Na fundi wetu, aliyeketi pale mstari wa mbele, ametupa ruhusa ya kutaja kazi yake.

Miti hii, ikitunzwa, itaishi kutupita sote. Nasi hatutakuwapo kuwajibu watakaouliza. Kwa hiyo kibao ni amana, tunaiweka kwa ajili ya watu tusiowajua. Juu ya meza ile kuna daftari na kalamu. Yeyote aliyewahi kumwagilia mti wowote hapa, aliyeuleta, aliyeuona ukiwa mche, mwanachama au jirani, namsihi aandike japo mistari miwili kabla hajatoka langoni. Asiyeweza kuandika, na aniite, mimi nitaandika.

Karibuni mtazame miti.