Wanawake wa Kusini na Kazi ya Kujenga Amani



Amani hutamkwa mara nyingi kana kwamba ni kazi ya wakuu wanaotia sahihi mikataba. Elimu ya jamii, ikitumiwa ipasavyo, huuliza swali jingine: mzigo wa amani hiyo ulibebwa na nani?

Mwanahistoria Susan Geiger aliliuliza swali hilo kuhusu TANU. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 alionyesha jinsi Bibi Titi Mohamed na wenzake, kuanzia 1955, walivyowaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika chama kupitia vikundi vya ngoma. Wanawake hao hawakufuata tu uzalendo uliokwisha kutengenezwa na wengine, waliujenga. Naye Marjorie Mbilinyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alidai kwa miaka mingi kwamba kazi ya mwanamke wa kijijini ihesabiwe katika uchumi wa nchi.

Swali hilo lafaa kuulizwa Masasi na Newala. Newala imesimama ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma. Ng'ambo ya mto huo FRELIMO ilipigana na ukoloni wa Kireno tangu 25 Septemba 1964 hadi Mapatano ya Lusaka ya 7 Septemba 1974. Wakimbizi walivuka kwa maelfu kuingia Tanzania.

Historia inamkumbuka Trevor Huddleston, Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968 na adui mkubwa wa ubaguzi wa rangi. Inakikumbuka pia Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO kilichoundwa mwaka 1967. Hiyo ni haki. Lakini yuko mwingine asiyeandikwa.

Uwandani mvua hunywewa na mchanga, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kabla ya mabomba, kuteremka na kupanda na mtungi kichwani ilikuwa kazi ya wanawake. Kila mgeni aliyepokelewa nyumbani aliongeza safari ya maji na unga wa kutwanga. Hesabu ya ukombozi isiyokuwa na mtungi huo ni pungufu.

Wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mwanamke wa Kusini hana dai. Sivyo. Ukoo hupita kwa mama, lakini kauli kwa desturi imekuwa ya mjomba.

Basi mwalimu awatume wanafunzi kwa bibi zao, waulize na kuandika, maana walioshuhudia miaka ile wanapungua. Na mtumishi anayeunda kamati ya maji au ya usalama wa kijiji asiwaite wanawake kupika chakula cha mkutano tu. Waliobeba mzigo wa amani wanastahili kukaa pale inapoamuliwa.