Nyama Iliyojificha Kwenye Pakiti

Msikilizaji uliye Marekani, kung'atwa na kupe kunaweza kukuachia mzio wa nyama ya mamalia: ng'ombe, mbuzi, nguruwe. Kuku na samaki hawamo. Dalili huchelewa kwa saa 2 hadi 6, ndiyo maana wengi hulaumu chakula kingine.

Dukani, nyama yenyewe utaiona. Cha kutafuta ni jelatini kwenye peremende laini, au mafuta ya nguruwe kwenye biskuti. Sheria ya huko hulazimisha vizio 9 vikuu vitajwe waziwazi. Nyama si mojawapo. Ukikuta “ladha asilia”, mpigie simu mtengenezaji umuulize, hata akikuona msumbufu. Baadhi ya wenye mzio huu hudhurika na maziwa pia. Koo likivimba au pumzi zikibana, piga 911.