AFYA YETU IMO MIKONONI MWETU
(Maneno ya Kamati yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Mwaka 1961 nchi yetu ilipopata Uhuru, tulitajiwa maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mkoloni alifunga mizigo akaenda zake, lakini adui maradhi hakupanda meli. Yumo humu humu, ila amebadili nguo. Pamoja na homa na kuhara tunazozijua tangu zamani, leo huja pia kwa jina la presha na kisukari, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaomfungulia mlango.

Hatusemi haya kwa kusikia. Tunaye ndugu yetu wa tawi hili ambaye leo yuko nyumbani, mkono na mguu wa kuume haufanyi kazi. Sote twamjua, ndiye aliyekuwa akitusomea kumbukumbu za mikutano kwa sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alipimwa akaambiwa ana presha, akapewa dawa, akazinywa mwezi mmoja. Alipoona haumwi popote akaziacha, akasema, "Mimi mzima." Nasi tuliokuwa naye kila siku tulimpongeza! Basi lawama si yake peke yake. Ni yetu sote.

Ndugu zangu, presha kwa kawaida haina maumivu. Hukaa mwilini miaka kimya kimya, ikichakaza moyo, figo na mishipa ya damu, mpaka siku mshipa wa kichwani unapoziba au kupasuka. Njia ya kuijua ni kupima. Na aliyepewa dawa asiziache mpaka mganga wake amwambie.

Sasa tutazame mazoea yetu. Tuanze na chai ya mikutano yetu hii. Kijiko kimoja cha sukari kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Wengi wetu hutia vinne: hizo ni gramu 16. Vikombe vitatu kwa siku ni gramu 48. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtu mzima asipite kama gramu 50 kwa siku, na likaongeza kuwa 25 ingekuwa bora zaidi. Maana yake tumekwisha kujaza kipimo kwa chai tupu, kabla ya maandazi na soda.

Chumvi nayo, kipimo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na samaki mkavu. Lakini mwanamume wa kwetu huomba chumvi kabla hajaonja mchuzi! Na mama akiipunguza, husukuma sahani. Kina baba, tuache tabia hiyo. Mama anayepunguza chumvi anatulinda.

Na miguu yetu je? Inatosha kutembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa juma. Mkulima mwenye jembe amekwisha kutimiza. Twasema na sisi wa dukani na ofisini, tunaopanda bodaboda kwenda mtaa wa pili. Tumbaku hatuna maneno mengi: haina kiasi kilicho salama, iachwe.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri. La hasha! Kupunguza sukari na chumvi hakugharimu hata senti moja. Mchicha na matembele huota uani. Unga wa dona una kiini na pumba ambazo kinu cha sembe huziondoa. Gharama hasa ni kumuuguza mtu aliyepooza. Waulizeni watoto wa ndugu yetu.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kando ya redio, wakajifunza, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hawakungoja kusukumwa. Kama wazee wetu waliweza kuchimba shimo, sisi tutashindwa kupunguza kijiko?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, Kamati yaleta maazimio matatu. Kwanza, chai ya mikutano itiwe kijiko kimoja tu kwa kikombe. Pili, kila mwanachama aliyetimiza miaka 40 akapime presha kabla ya mkutano ujao, na sisi viongozi tuanze. Asiyepima asikae meza ya mbele. Tatu, tumtembelee ndugu yetu kwa zamu, twende kwa miguu, tumsaidie mazoezi aliyofundishwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, na udongo tunao mkononi.

Uhuru na Kazi! Na hakuna kazi pasipo afya.