Hewa Katika Nyumba Zetu



Nyumba zetu zafagiliwa vema, lakini ufagio hauondoi hewa mbaya. Baridi ya Juni na Julai ishikapo Nairobi, wengi wetu huingiza jiko la makaa chumbani, wakaziba dirisha kwa matambara, wakalala. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu hayana moshi, ndiyo maana huaminiwa; kumbe hutoa sumu isiyo rangi wala harufu, ishikayo katika damu mahali pa hewa njema. Aliyelala huenda asiamke. Aumwaye kichwa na kutapika atolewe nje upesi, kisha hospitali. Blanketi la pili ni ghali, twajua. Hata hivyo jiko lilale nje. Nanyi wazee wenye vyumba vya kupangisha, twawaomba dirisha lisilofunguka litengenezwe kabla ya kupokea kodi ya Juni.